Mkaguzi na Matroni

Tangi lilipasuka saa nne na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, na aliyelipasua alikuwa fundi vioo.

Ni vyema jambo hili lisemwe mapema na kwa sauti kavu, kwa kuwa Fundi mwenyewe alishindwa kulisema nyumbani wiki nzima. Mtu aliyekata vioo miaka ishirini na miwili, aliyeweka madirisha ya nusu ya mji, ambaye wateja wake wamechoka kusikia usemi wake mmoja, "Kioo hakiogopi uzito, kinaogopa punje," alilibeba tangi la binti wa mkewe kwa heshima zote, akaliweka juu ya kabati, akalijaza maji ndoo saba, na chini yake akaacha punje moja ya changarawe. Ufa ulianzia kwenye kona, ukapanda taratibu kama mto kwenye ramani. Kisha ukuta mzima wa mbele ukaachia.

Ilikuwa siku ya kwanza ya watu hao watatu kulala chini ya paa moja. Ndoa ilikuwa na wiki tatu, ila kuhama kulisubiri shule zifungwe, binti atoke bweni.

"Mama," binti alisema, "mwambie mumeo zulia limelowa."

Fundi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, soksi zikielea.

"Zulia limelowa," mama mtu alimfikishia.

"Nimesikia."

"Na mwambie Matroni yuko chini ya kochi."

Matroni alikuwa samaki. Alikuwa kambare wa aina ile yenye deraya badala ya magamba, mweusi, mwenye mdomo wa kunyonya uliokaa chini ya kichwa na macho madogo yanayoona kila kosa. Binti alimpa jina la matroni wa bweni lao, kwa ushahidi kwamba wote wawili hawasemi, hawalali, na ukiwashika wanachoma. Marehemu baba yake alimnunua akiwa mdogo kama kidole, mwaka ambao binti alianza darasa la kwanza. Sasa alikuwa na urefu wa kiatu cha mtu mzima, na alikuwa uvunguni mwa kochi akipiga mkia.

Fundi alilala kifudifudi majini, akanyoosha mkono. Miiba ikamchoma mara tatu. Akamtoa, akamtia kwenye beseni la kufulia, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, akasubiri neno lolote.

"Mama, mwambie beseni hilo lina sabuni."

*

Kulikuwa na tangi jingine, na ndilo lililoleta kesi. Lilikuwa refu kama kitanda, limeegemea ukuta mkubwa wa sebule. Fundi alilitengeneza kwa mikono yake, kioo cha milimita kumi na mbili, gundi isiyoonekana. Ndani yake aliishi Mkaguzi peke yake.

Mkaguzi alikuwa wa ukoo wa mbali wa sato, lakini sato aliyepata cheo. Mgongo wa kijani cha chupa, ubavu wenye madoa kama wino uliomwagika, taya lililotangulia mbele. Kila asubuhi alipita kioo chote, kona hadi kona, akikagua sebule kama anayetafuta kitanda kisichotandikwa. Fundi alipotoka kazini alimfuata kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, akala mkononi mwake, akaegemeza shavu kwenye kioo mpaka taa zizimwe. Kwa miaka mitano ya ukapera, hiyo ndiyo iliyokuwa familia.

Waliowahi kupangishwa naye ni kama ifuatavyo. Samaki sita wa fedha, walioingia saa tatu na kwisha kabla ya chakula cha mchana. Mmoja mrefu kama kamba, aliyemezwa nusu, nusu ya pili akaendelea kutazama nje hadi jioni. Na mwenzake wa aina yake mwenyewe, walipigana tangu asubuhi hadi adhuhuri, Fundi akamtoa mgeni akiwa hana mkia.

Binti alisikiliza orodha hiyo mikono kifuani. Kisha akaenda kulikalia sanduku lake la chuma la bweni. Lilikuwa limetuliwa mlangoni pa chumba tangu asubuhi, halijafunguliwa, na alikuwa ameshasema, kupitia kwa mama yake, kwamba hakuna haja ya kulifungua.

"Nikuambie kitu, mume wangu," mama alisema walipobaki jikoni. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. "Nimekuja hapa na vitu viwili. Mtoto, na samaki wa mtoto. Kimoja kikiliwa, cha pili hakitakaa. Na mtoto asipokaa, mimi nitakaa vipi?"

"Nitamtengenezea tangi jingine."

"Uliweke wapi? Juu ya cherehani yangu?"

Fundi alitazama sebule. Kweli, hata kivuli cha tangi la pili kisingepata pa kukaa. Na samaki wa ukubwa ule hakai beseni. Usiku ule ule Matroni aliruka mara mbili.

*

Muuza samaki wa mapambo aliitwa Mzee wa Mapovu. Duka lake lilikuwa na unyevu kama bafu, na yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kuongea akiwatazama samaki badala ya wateja. Fundi alimweleza yote, hata ile punje.

"Fundi vioo ukapasua kioo," mzee alisema kwa upole. "Na mimi juzi nilipaliwa na maji. Sasa sikiliza. Watu huchagua mwenza kwa kupima mwili. Mwili hauna maana. Pima mdomo. Kinachoingia mdomoni ni chakula, hata kama mmekaa pamoja miaka kumi. Kisichoingia, wataanza kuzungumza."

"Na kama wote ni wakali?"

"Basi wasigombee kitu kimoja. Wako anakaa katikati ya maji, si ndiyo? Na wa mtoto anakaa chini. Huyo wa juu, huyo wa chini, kama ghorofa. Waweke kwanza wanaonana bila kugusana. Siku ya kuwakutanisha, wako ashibe. Na mawe." Mzee aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Yavuruge mawe yote. Hamisha, pindua, toa hata kigogo. Ukiyaacha yalivyo, mwenyeji anajua kila pembe ni yake, na mgeni atabaki mgeni hadi afe. Ukivuruga, wote wawili wageni. Hapo ndipo ujirani unaanza."

Fundi aliitikia kila neno. Lakini mawe yale alikuwa ameyapanga siku ya kwanza ya ukapera wake, moja moja, na alipofika nyumbani alijiambia kwamba mawe hayana neno.

Mengine aliyafanya kwa bidii ya mtu anayedaiwa. Alikata kioo cha kugawa tangi, akakitoboa matundu, akakisimamisha katikati. Mkaguzi huku, Matroni kule. Mke wake akaja na futi ya kushonea shingoni, akasubiri mbele ya tangi kama anayesubiri mteja anyooshe mikono. Mkaguzi alipopiga mwayo, na samaki hao hupiga mwayo kweli, alibandika futi kwenye kioo.

"Saba," alisema. Akahamia upande wa pili, akampima Matroni mabegani. "Nane, na miiba hajafungua." Akaikunja futi. "Kichwa hiki hakipiti kwenye kola ile."

Binti alicheka. Alijikamata haraka, akakohoa, lakini Fundi alikuwa ameshasikia, na kicheko hicho alikwenda nacho kazini siku mbili.

Siku ya tatu alikuta karatasi imebandikwa juu ya tangi, mwandiko mzuri wa shule. KANUNI ZA BWENI. Kanuni ya kwanza: wageni wasiguse mali ya wenyeji. Kanuni ya pili: kila mtu alishe samaki wake. Kanuni ya tatu ilihusu kelele, na ilimlenga anayekoroma.

"Huko shuleni kwao kila mtu ana jina la utani," mama alimwambia wakila, ili angalau pawe na mazungumzo mezani. "Wa fizikia anaitwa Volti. Mpishi anaitwa Mvua za Rasharasha, kwa sababu ya mchuzi wake."

"Na wasiokuwa na jina?" Fundi aliuliza.

Kisha binti, akilitazama bakuli la chumvi, akaliambia: "Mwalimu asiye na jina ni mwalimu wa kuhama. Hatupotezi jina kwa mtu atakayeondoka."

Bakuli la chumvi halikujibu. Kufikia siku hiyo Fundi alikuwa hajaitwa kitu chochote. Alikuwa "mumeo", na siku za baridi zaidi, "huyo bwana".

*

Siku ya kumi walitoa kioo cha katikati. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, madirisha wazi. Mkaguzi alikuwa amelishwa kamba wadogo wa baharini hadi tumbo likawa duara. Watatu waliketi kwenye kochi kwa mpangilio wa mahakama: binti mwisho huku, Fundi mwisho kule, mama katikati kama karani.

Kioo kilipotoka, maji yalitulia. Mkaguzi alibaki katikati, haamini. Kisha akaja. Alikuja polepole, na kadiri alivyokuja ndivyo alivyokuwa mkubwa. Alifungua mashavu yakawa kama kola ya mfalme, madoa yake yakakolea hadi weusi, mapezi yote yakasimama. Fundi aliyemlisha miaka mitano hakuwahi kumwona hivyo. Hakuna aliyepumua. Hata binti alisahau kukunja mikono.

Matroni hakusogea. Alifungua miiba yake mmoja mmoja, kushoto, kulia, mgongoni, bila haraka, kama mtu anayejifunga kanga kabla ya kujibu. Akawa jiwe lenye macho.

Mkaguzi alifungua kinywa, akakiweka juu ya kichwa kile. Kola ikagoma. Akajaribu kwa ubavu. Ikagoma. Akarudi nyuma hatua tatu za samaki, akamtazama kwa muda mrefu, na wale watatu pale kochini waliona kitu ambacho si rahisi kukieleza: mnyama aliyekula kila kilichowahi kuingia katika dunia yake, akigundua kwamba dunia ina mtu mwingine. Rangi yake ikapoa. Akageuka, akaenda kwenye kigogo chake, akakaa huko akifikiri.

"Haya," mama alisema. "Kumbe."

Binti aliinuka. Alipopita nyuma ya kochi, Fundi aliona machozi, na alijua vizuri kwamba hakutakiwa kuyaona.

*

Hofu yote ilikuwa imeelekezwa upande mmoja. Hakuna aliyekaa kuwaza upande wa pili.

Fundi aliamka alfajiri kila siku, maana vioo hukatwa vizuri kabla jua halijapasha meza. Alfajiri ya nne baada ya kioo kutolewa, aliona doa jeupe ubavuni mwa Mkaguzi, kubwa kama kitufe. Alfajiri ya tano yalikuwa mawili. Ya sita alimulika tochi, akamwona Matroni, mpole wa watu, yule ambaye marehemu alimwachia mtoto, amejibandika ubavuni mwa Mkaguzi kama stempu kwenye barua, akimnyonya ute wa ngozi kwa ustadi mkubwa. Na Mkaguzi, jeuri yule, alikuwa ameelemewa kwenye kona, akitweta, macho yakimtafuta Fundi.

Fundi alichukua mwiko jikoni, akauzamisha, akamsukuma Matroni taratibu hadi akaachia. Akakaa kwenye kochi, maji yakidondoka kutoka kwenye mwiko hadi kwenye zulia ambalo hata hivyo lilishazoea.

"Ana njaa ya mboga," Mzee wa Mapovu alisema siku hiyo. "Kambare wa vile ukimnyima boga au tango, atajitafutia. Na ubavu mpana namna ile kwake ni sahani. Nani anamlisha?"

"Binti."

"Basi mwambie binti."

Rahisi kusema. Lakini kumwambia ni kumwambia kwamba samaki wa baba yake ndiye mwizi, kwamba yeye mlishaji hajui kulisha, na kusema hayo baada ya kumpasulia tangi. Fundi alijaribu njia ya panya: alfajiri iliyofuata alitumbukiza kipande cha boga. Saa mbili asubuhi kikawa kimetolewa, kimewekwa kwenye sahani, mbele ya kiti chake.

"Mama, mwambie kanuni ya pili inasomeka vizuri tu."

"Kanuni ya pili," mama alianza.

"Nimeisoma," Fundi alisema, akala boga lile, bichi, hadi likaisha. Hakujua afanye nini kingine.

Tangu hapo aliamka saa moja kabla ya saa yake. Mwiko, tochi, stuli. Alimsukuma Matroni, akakaa, akamsukuma tena, mpaka kulipopambazuka na kambare akarudi chini ya jiwe kulala. Mchana alidanganya. Mke wake alipouliza kuhusu madoa, alisema ni umri. Umri wa samaki aliyekuwa bado hajafika nusu ya maisha yake. Na kila jioni Mkaguzi alimfuata kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, taratibu zaidi ya jana, akaegemeza shavu lake kwenye kioo, na Fundi akalitazama kama mtu aliyeweka rehani kitu chake cha pekee.

Zilibaki siku tatu shule zifunguliwe. Sanduku la chuma lilikuwa bado mlangoni. Kila mtu alishajikwaa hapo. Mama alikuwa amejifunza kunyanyua mguu bila hata kutazama.

*

Alfajiri ya siku ile Fundi alikuwa juu ya stuli, mkono majini hadi kwapani, aliposikia mlango. Hakupata muda wa kushuka. Binti alitokea na kitenge mabegani, na mkononi, nyuma ya mgongo lakini si nyuma sana, alishika kipande cha boga.

Walitazamana. Yeye na mwiko wake, yeye na boga lake.

Kwenye mwanga wa tochi, Matroni alikuwa bado amening'inia ubavuni mwa Mkaguzi. Hakukuwa na la kuficha. Madoa yalikuwa manane, na mawili yalikuwa mekundu.

"Tangu lini?" binti aliuliza. Hakukuwa na mama wa kupitishia.

"Siku ya nne."

"Unaamka kila siku?"

"Kidogo tu."

"Kwa nini hukusema?"

Fundi alimsukuma Matroni, akaachia, akazama. Alijibu akiwa anamtazama Mkaguzi. "Ningesemaje? Ni samaki wa baba yako."

Binti aliketi juu ya mkono wa kochi. Kwa muda alikuwa hana ule uso wa kanuni; alikuwa mtoto mwenye boga.

"Nilijua," alisema. "Baba alinifundisha. Boga kila jioni, limefungwa kwenye jiwe, la sivyo anawabandika wenzake. Mlipotoa kioo nikaacha kumpa." Akaligeuza boga mkononi. "Nilitaka wako apige. Ampige Matroni kidogo tu, nimwambie Mama, tuondoke. Nilikuwa nasubiri apige. Hakupiga." Akamtazama Mkaguzi, aliyekuwa anajivuta kutoka kwenye kona yake. "Ana mdomo ule wote, na hakupiga."

"Alijaribu siku ya kwanza, akaona si chakula. Kwa kichwa chake, asiyelika ni wa nyumbani."

"Hiyo ni akili ya samaki?"

"Sina uhakika. Ya kwangu haifiki hapo."

Binti alipangusa pua kwa kitenge. Kisha akasogea kwenye kioo, akayatazama mawe kwa macho ya mtu anayekagua bweni la wengine. "Mawe haya uliyapanga lini?"

"Zamani."

"Ndiyo maana. Matroni hana pa kujificha. Kila shimo Mkaguzi anajua ni lake, na mwenzake hana hata moja. Mzee wa dukani hakukuambia uvuruge?"

Fundi alitazama jiwe la kwanza, lile jembamba, aliloliweka jioni aliyorudi kwenye nyumba tupu. "Aliniambia," alisema.

"Shuka kwenye stuli. Shika upande huu."

Wakavuruga. Jiwe jembamba likalazwa, kigogo kikageuzwa, mawe mawili bapa yakaegemezwa yakawa pango upande wa chini kabisa, na ndani yake likafungwa boga. Maji yalichafuka kama chai ya maziwa. Wakangoja. Changarawe ilipotulia, walimwona Matroni akiingia pangoni, akigeuka, akibakiza kichwa nje. Na juu yake, mwenye madoa yake manane, Mkaguzi alikuwa akiogelea kama mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua, akigusa kila jiwe kwa pua, moja baada ya jingine. Alipofika pangoni alisimama. Kichwa kwa kichwa. Hakufungua mashavu. Akapita.

Wawili hao walikaa wakitazama hadi dirisha likawa la buluu, kisha la njano, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna kazi. Ndipo binti akatazama sebule nzima, kwa macho yale yale, akasema, "Na huku je?"

*

Mama alitoka chumbani kumekucha. Mlangoni alinyanyua mguu kama desturi, akauvusha, akautua. Ukatua kwa kishindo kwenye sakafu tupu, nusura aanguke.

Kochi lilikuwa kwenye ukuta wa pili. Cherehani yake ilikuwa dirishani, penye mwanga. Karatasi ya kanuni ilikuwa haipo. Sanduku la chuma lilikuwa kwenye kona ambako kiti cha Fundi kilikaa miaka mitano, limefunguliwa, sare mbili zimetundikwa juu yake.

"Nani kavuruga nyumba yangu?"

Binti alikuwa amelala chali kwenye zulia lenye unyevu, miguu juu ya kochi, akimtazama Matroni anavyokula. Hakugeuza hata kichwa.

"Mimi na Mwalimu wa Zamu," alisema.

Mama alifungua kinywa aulize ni mwalimu gani huyo. Kisha akamwona mumewe amesimama kando ya tangi, shati limelowa hadi kwapani, mwiko wa ugali mkononi, mnyoofu kama mtu aliyetunukiwa cheo asijue avue kofia au la. Akakifunga kinywa. Akaivuta stuli, akakaa taratibu, futi bado shingoni.

Ndani ya kioo, Mkaguzi alianza zamu yake ya asubuhi. Alipita kona hadi kona, akawahesabu wote. Wanne.